Jiwe la Mazeras: Unacholipia Hasa

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara kuu, kabla ya Mariakani unapita Mazeras, katika Kaunti ya Kilifi. Mji huo ndio uliolipa jina jiwe linalotandikwa kwenye njia za bustani nyingi nchini Kenya: jiwe la mchanga, jeupe la maziwa, la kahawia au jekundu la kutu.

Timboni kazi ni ya mikono na macho. Mchimbaji hulitazama jiwe ubavuni mpaka auone mstari wa tabaka, kwani mchanga huu ulijilaza safu juu ya safu kwa mamilioni ya miaka. Huweka tindo kwenye mstari, akagonga kidogo kidogo huku akisogea. Mlio ukianza kuwa mzito, anajua jiwe limekubali, na linafunguka bapa zima. Likikatikia katikati, bei imeshuka palepale, maana bapa kubwa ndilo linalotafutwa.

Lakini sehemu kubwa ya bei ya Nairobi inatokana na uzito. Chukua njia ya mita 10 kwa upana wa mita 1, mawe ya unene wa sentimita 4. Hiyo ni karibu tani nzima, na lori linaibeba kwa kilomita zaidi ya 450. Mafuta yakipanda, jiwe limepanda, hata kama aliyelipasua hajaongezewa senti. Hili linaniuma: mwenye ujuzi wa kwanza katika mnyororo huu ndiye mwenye nguvu ndogo kabisa ya kupanga bei.

Mshindani wake ni kabro ya saruji, ambayo hufyatuliwa karibu na mteja, vipimo vyake ni sawa, na hutandikwa haraka. Kwa maegesho ya magari ningechagua kabro bila kusita. Njia ya bustani ni jambo jingine. Rangi ya kabro iko kwenye saruji na hufifia kwa jua. Rangi ya jiwe imo mpaka ndani.

Baada ya jiwe na usafiri, gharama ya tatu ni fundi. Mawe yaliyokatwa mraba kwa mashine ni ghali kununua, rahisi kupanga. Yasiyo na umbo ni nafuu, ila fundi atayazungusha moja baada ya jingine mpaka kingo zipatane, na siku za kazi zinaongezeka. Mnunuzi asiyelijua hilo hudhani ameokoa pesa.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanalipia jiwe zuri, kisha wanabana pesa ya chini yake. Udongo unapaswa kuchimbwa sentimita 15 hadi 20, shimo likajazwa kokoto au moramu iliyoshindiliwa, kisha mchanga wa sentimita 3 hadi 5, na njia iinamishwe sentimita 1 au 2 kwa kila mita ili maji yaondoke. Jiwe likilazwa juu ya udongo mtupu, masika ya kwanza yanaliinua upande mmoja, na mawe yanayotuamiwa na maji yanaota ukoga unaoteleza, hatari kwa wazee na watoto.

Kwa hiyo unapoletewa makadirio, usianze na bei ya jiwe. Muulize fundi atachimba kina gani, na kabla mawe hayajashushwa kwenye lori, shika utepe ukapime shimo mwenyewe.