Rudufu na Tandaza
Kompyuta mpakato imepewa jina kwa kitenzi pakata, kama mama apakatavyo mtoto, nalo twaliona lafaa. Ugumu uko katika kuiunganisha na projekta. Waya wa VGA, wa mwaka 1987, hupeleka picha tu. Ule wa HDMI hupeleka na sauti. Ukisha kuchomekwa, kwenye Windows hubonyezwa kitufe cha Windows pamoja na herufi P, na machaguo manne hutokea. Mawili hutatiza. Mfasiri akiyaita yote "onyesha", humponza mwalimu. Twapendekeza rudufu, pale ukuta unapoonyesha yote yaliyomo kwenye skrini, hata alama za wanafunzi. Na tandaza, pale ukuta unapokuwa nafasi ya ziada, alama zikabaki kwa mwalimu. Panua tumeliacha: laweza kudhaniwa ni kukuza picha.