Kustaafu, Kuondoka, Kuachishwa: Msamiati wa Kumtafuta Kocha Mkuu

Msimu wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani unapoelekea ukingoni, habari za vyuo kutafuta makocha wapya huwa nyingi. Kwa mfasiri, habari hizi huonekana nyepesi: mmoja ametoka, mwingine ameingia. Hata hivyo, kitenzi kimoja kikikosewa, msomaji anaweza kuamini kwamba aliyelipwa ndiye aliyelipa. Makala haya yanaeleza maneno yanayotatiza zaidi, na kuyapima kwa matukio ya msimu wa 2023.

Jina la mchezo

Maneno "kandanda", "soka", "kabumbu" na "mpira wa miguu" humpeleka msomaji kwenye mpira wa duara unaopigwa kwa mguu. Mchezo unaozungumziwa hapa hutumia mpira wenye umbo la yai, na wachezaji huubeba na kuurusha kwa mikono. Inafaa kuandika "futiboli ya Kimarekani" mara ya kwanza, kisha "futiboli" peke yake. Neno "programu" nalo liepukwe, kwa kuwa msomaji wa leo atafikiria kompyuta. Panapozungumzwa mchezo wenyewe, "timu ya chuo kikuu" inatosha; panapozungumzwa fedha na ajira, tuseme "idara ya michezo".

Kocha, mwalimu, mkufunzi

"Kocha" ndilo neno lisilo na utata. Ingawa wingi wake ni "makocha", upatanisho hufuata ngeli ya viumbe: makocha wawili wameteuliwa, si *makocha mawili yameteuliwa. Nchini Tanzania, "mwalimu" pia hutumika kwa kocha wa mpira. Katika kurasa za michezo za Kenya, "mkufunzi" ni kocha. Lakini kwa msomaji wa Tanzania, mkufunzi ni mtu anayefundisha chuoni, hasa chuo cha ualimu. Kwa hiyo, "chuo kinatafuta mkufunzi mpya" ni sentensi ya michezo Nairobi na ni sentensi ya elimu Dodoma. Kwa kuwa habari hizi zinahusu vyuo, hatari ya kueleweka vibaya ni kubwa kuliko katika habari za klabu.

Namna tatu za kuacha nafasi wazi

Tarehe 10 Januari 2024, Nick Saban alitangaza kuacha kazi ya ukocha baada ya misimu 17 katika Chuo Kikuu cha Alabama, ambako alitwaa ubingwa wa taifa mara sita. Kitenzi sahihi ni "alistaafu", yaani alihitimisha kazi yake. "Alijiuzulu" kingedokeza kwamba aliachia cheo tu, pengine kwa shinikizo, na kwamba huenda angeonekana kwingine.

Siku mbili baadaye, Alabama ilimtangaza Kalen DeBoer, aliyekuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Washington. Yeye hakustaafu wala hakufukuzwa: "aliondoka" au "alihama". Tena aliondoka akiwa ametoka kuifikisha timu yake kwenye fainali ya taifa.

Miezi miwili kabla ya hapo, Novemba 2023, Jimbo Fisher "aliachishwa kazi" na Chuo Kikuu cha Texas A&M. "Alifutwa kazi" na "alifukuzwa" huelekea maana hiyohiyo, ila cha mwisho kina ukali zaidi na kinafaa lugha ya mitaani kuliko taarifa rasmi.

Tazama mnyambuliko: "aliacha kazi" na "aliachishwa kazi". Viambishi -ish- na -w- humhamisha mhusika kutoka kwa mtenda hadi kwa mtendwa, na fedha huhama pamoja naye. Kwa kumwachisha Fisher kazi kabla ya mkataba kwisha, chuo kilibeba deni la zaidi ya dola milioni 75. DeBoer alipoacha kazi, mambo yaligeuka: Washington ndiyo iliyostahili kulipwa, takriban dola milioni 12. Malipo yote mawili huitwa "fidia ya kuvunja mkataba". Kwa sababu jina ni moja, mfasiri ataje kila mara nani anamlipa nani.

Kaimu, mteule, mwombaji

"Kaimu" ni mtu anayeshika nafasi ambayo mwenyewe hayupo au bado hajapatikana. Neno hili hutangulia cheo: kaimu kocha mkuu. Sherrone Moore alikaimu katika timu ya Michigan mwaka 2023 Jim Harbaugh alipokuwa akitumikia adhabu. Wakati huo nafasi haikuwa wazi. Harbaugh alipohamia Los Angeles Chargers mwezi Januari 2024, Moore aliteuliwa kuwa kocha mkuu kamili, na hapo "kaimu" ikaondoka. "Kocha mteule" ni jambo jingine: amekwisha kuchaguliwa, ila hajaanza kazi.

Anayetajwatajwa kabla ya uteuzi asiitwe "mwombaji", kwa sababu mara nyingi hajaomba. Bado ana ajira kwingine na mazungumzo ni ya siri. Wala asiitwe "mgombea", neno lenye harufu ya uchaguzi. "Anayefikiriwa" au "anayetajwa" linatosha.

Kwa nini usahihi ni muhimu

Kustaafu kwa Saban kulifungua nafasi nne. Washington ilimchukua Jedd Fisch kutoka Arizona. Arizona ikamchukua Brent Brennan kutoka San José State. San José State ikamwajiri Ken Niumatalolo. Kila kocha alipoondoka, wachezaji wake walipewa siku 30 za kuamua kama watahama. Caleb Downs, beki chipukizi wa Alabama, alihamia Ohio State. Wachezaji hao hawakuacha wala kuachishwa. Waliachwa na kocha aliyewashawishi kujiunga na chuo. Kauli hii ya kutendwa mara nyingi husahaulika katika tafsiri, nayo ndiyo inayomweleza kijana aliyebaki.

Kabla ya kutafsiri habari ya aina hii, jiulize maswali matatu: nani alifanya uamuzi, nani anadaiwa fidia, na nani ameachwa. Majibu yatakuonyesha kauli ya kitenzi inayofaa.