Suluhu ya Baharini: Waingereza na Mashehe wa Ghuba

Watu wengi wamesikia habari za Dubai na Abu Dhabi, miji yenye utajiri mwingi iliyoko kwenye Ghuba ya Uajemi. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja Waingereza waliiita nchi ile Pwani ya Suluhu. Jina hilo lilitokana na hati za mapatano ambazo mashehe wa pale walizitia mihuri yao. Makala haya yataka kueleza jinsi mapatano hayo yalivyofanywa, yaliwafaa nani, na mashehe walitoa nini ili kuyapata.

Hapo zamani pwani ile ilikuwa nchi kavu, yenye mvua haba na mitende michache. Riziki ya watu ilitoka baharini, yaani uvuvi, biashara ya majahazi, na hasa lulu. Kila mwaka, wakati wa kiangazi, mamia ya vyombo vilitweka kwenda penye chaza, na wapiga mbizi walizama wakiwa wamefungiwa jiwe mguuni, huku wenzao wakishika kamba juu chomboni. Msimu huo ukiharibika, watu walirudi na madeni. Sheikh naye hakuwa mfalme mwenye jeshi kubwa. Nguvu yake ilikuwa watu wa kabila lake, nao wakichukizwa naye waliweza kupakia mali zao na kuhamia kwa sheikh mwingine.

Wenye nguvu kuliko wote baharini walikuwa Qawasim, wa Ras al-Khaimah na Sharjah. Serikali ya Waingereza iliyokuwa Bombay iliwashtaki kuwa ni maharamia wanaonyang'anya merikebu za Bara Hindi, ikapeleka manowari kuwapiga mwaka 1809, na tena mwaka 1819. Katika vita vya pili Sayyid Said bin Sultan wa Oman, yule yule ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja, alishirikiana na Waingereza. Mji wa Ras al-Khaimah ulitekwa mwezi wa Desemba 1819, na vyombo vya pwani ile vikachomwa moto. Ni haki kusema ya kwamba neno uharamia limekanushwa. Mwaka 1986 Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, Mtawala wa Sharjah, alitoa kitabu cha kueleza kuwa shtaka lile lilikuwa kisingizio tu, na kwamba Waingereza walitaka kuishika biashara ya Ghuba.

Baada ya vita, mashehe walitia mihuri mkataba wa Januari 1820. Mkalimani wa Waingereza alikuwa Kapteni Thomas Perronet Thompson, mtu aliyejua Kiarabu, na ambaye kabla ya hapo alikuwa Gavana wa Sierra Leone na adui wa biashara ya watumwa. Mkataba uliagiza vyombo vya mashehe vitweke bendera nyekundu yenye ukingo mweupe. Tena kiliingizwa humo kifungu kilichosema kuwa kuwateka watu, wanaume, wanawake au watoto, kutoka pwani za Afrika au kwingineko, na kuwasafirisha kwa vyombo, ni unyang'anyi na uharamia. Hilo latuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Lakini kuandika neno si kulitimiza, kwa maana watumwa waliendelea kupelekwa Ghuba kutoka pwani yetu kwa miaka mingi baada ya mwaka huo.

Mkataba wa 1820 ulikuwa na upungufu mwingine. Ulikataza uharamia, lakini haukukataza vita vilivyotangazwa kati ya sheikh na sheikh. Kwa hiyo mashehe waliendelea kupigana baharini hata katika msimu wa lulu, na vita hivyo viliwanyima chakula wale waliopigana wenyewe.

Mwaka 1835 Samuel Hennell, aliyekuwa akishika kazi ya Balozi Mkazi wa Uingereza huko Bushire, ng'ambo ya Uajemi, aliwaita wakuu wa Abu Dhabi, Dubai, Ajman na Qawasim. Hakuwataka wasameheane, wala hakuwataka waape kuacha vita milele. Aliwataka jambo moja dogo tu, nalo ni kuacha vita vya baharini kwa miezi sita, mpaka msimu wa lulu upite. Wakakubali.

Yafaa tufikiri kwa nini neno hilo lilikubalika. Kila sheikh alikuwa na hofu ya kwamba yeye akiweka silaha chini, jirani yake atamshambulia. Mtu mwenye hofu kama hiyo hawezi kuahidi milele, lakini miezi sita aweza kuijaribu. Msimu ulipokwisha, kila mmoja aliona lulu zake zimefika salama. Kwa hiyo mwaka uliofuata suluhu ilifanywa upya, ikafanywa upya tena mwaka baada ya mwaka, na muda wake ukaongezwa. Mwaka 1843 waliahidiana miaka kumi. Mwaka 1853, miaka hiyo ilipotimia, walitia mihuri suluhu ya kudumu. Sheikh Sultan bin Saqr, mkuu wa Qawasim, alikuwamo katika mapatano ya 1820, ya 1835, ya 1843 na ya 1853 pia.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Watu wa sheikh mmoja wakidhulumiwa baharini na watu wa mwingine, hawakuruhusiwa kulipiza kisasi papo hapo. Iliwapasa kupeleka mashtaka kwa Balozi Mkazi, naye alimdai sheikh wa wakosaji alipe fidia. Asipolipa, manowari ilikuja kusimama mbele ya mji wake. Basi, suluhu ilitegemea faida ya wote, lakini mizinga ilikuwa nyuma yake. Katika kazi za kila siku Balozi Mkazi alikuwa na wakili wake huko Sharjah. Kwa zaidi ya miaka mia moja wakili huyo hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mwislamu, mjuzi wa lugha na desturi za Ghuba.

Msomaji asidhani ya kwamba nchi nzima ilipata amani. Suluhu ilikuwa ya bahari peke yake. Barani watu waliendelea kupigana, na Waingereza kwa kawaida hawakuingilia. Hata kati ya 1945 na 1948 Dubai na Abu Dhabi walikuwa vitani.

Sasa tutazame gharama yake. Mwaka 1892 Waingereza waliona ya kuwa mataifa mengine, kama vile Ufaransa, Uturuki na Uajemi, yaanza kuitazama pwani ile. Wakawaletea mashehe hati nyingine. Ndani yake kila sheikh aliahidi mambo matatu: kutofanya mapatano wala kuandikiana na dola yoyote ila Uingereza, kutomruhusu mjumbe wa dola nyingine kukaa katika nchi yake bila idhini ya Uingereza, na kutotoa, kutouza wala kutoweka rehani sehemu yoyote ya nchi yake, ila kwa Serikali ya Uingereza. Kuanzia siku hiyo mlango wa nje wa nyumba ya sheikh ulikuwa na ufunguo mmoja, nao ulikuwa mkononi mwa mgeni.

Mtu akiisoma hati hiyo kwa makini ataona jambo kubwa. Ahadi za sheikh zimeandikwa zote, lakini ahadi ya Uingereza ya kuilinda nchi yake dhidi ya adui haimo. Mashehe waliitegemea kwa desturi tu, kwa kuwa manowari zilikuwa zikionekana baharini.

Matokeo yalionekana baadaye. Mwezi wa Novemba 1967 waziri mmoja wa Uingereza, Goronwy Roberts, aliwazungukia watawala wa Ghuba akawahakikishia kuwa Waingereza watakaa. Mwezi wa Januari 1968 alirudi kuwaambia kuwa wataondoka kabla ya mwisho wa 1971, kwa sababu ya upungufu wa fedha. Sheikh Zayed wa Abu Dhabi, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha pata mali ya mafuta, alijitolea kulipa gharama za askari, lakini Waingereza hawakukubali. Tarehe 30 Novemba 1971, siku moja kabla ya mikataba kukoma, askari wa Iran waliviteka visiwa viwili vya Tunb, ambavyo Ras al-Khaimah ilisema ni vyake. Waingereza hawakupigana. Tarehe 2 Desemba nchi sita za pwani ile zilitangaza Falme za Kiarabu, na Ras al-Khaimah ikaingia Februari 1972.

Watu wa Mombasa na Lamu hawatashangaa kusikia habari za mapatano ya namna hii. Ukanda wa maili kumi wa pwani yao ulitawaliwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895, huku Sultani wa Unguja akilipwa kodi na bendera yake nyekundu ikipepea Fort Jesus, mpaka mapatano hayo yalipokomeshwa mwaka 1963.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Mashehe wa Ghuba walifaulu walipoahidiana wao kwa wao jambo dogo, lililoandikwa, lenye mwisho unaojulikana, na kila mmoja akaiona faida yake kwa macho. Walipata hasara pale walipotoa ahadi isiyo na mwisho, nao wakapokea tumaini lisiloandikwa. Atakayetia sahihi hati yoyote, iwe ya shamba, ya mkopo au ya nchi, na asome kwanza ahadi zake, kisha aulize ahadi za mwenzake zimeandikwa wapi.