Fedha za Mradi: Nani Azishike?



Mwezi huu tunataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo akina mama hulisema kwa kunong'ona tu, wakiwa njiani kutoka kisimani au kwenye ibada. Ni juu ya ile siku ambayo kijiji kimepata ruzuku kidogo ya kuanzisha mradi, mkutano umekaa chini ya mti, na mwenyekiti anauliza: "Haya, fedha hizi nani azishike?" Kimya kinapita. Kisha mzee mmoja anasema, "Apewe mama. Akina mama ni waaminifu." Watu wote wanapiga makofi, na mama huyo anarudi nyumbani akiwa na heshima mpya na mzigo mpya.

Sisi wa huku Singida tumepitia jambo hilo mara mbili. Mara ya kwanza tulianguka, mara ya pili tukasimama. Tunaomba tukusimulie zote mbili, maana huenda na kwenu mkutano kama huo umekwisha kuitishwa.

Mradi wa kwanza

Mradi wetu wa kwanza ulikuwa wa kuku. Kila mtu anajua kuku wa kienyeji wa Singida, na mabasi yapitayo hapa kwenda Dodoma na Dar es Salaam hayakosi matenga. Tulipata fedha kidogo za kuanzia, tukamchagua mwenzetu mmoja kuwa mwekahazina. Hatukufungua akaunti. Hatukununua daftari. Tulimkabidhi fedha mkononi, tukaomba, tukatawanyika. Yeye akaziweka nyumbani kwake, ndani ya sanduku la nguo.

Ulikuwa mwezi wa Desemba. Wewe unayeishi mkoa huu unaelewa maana yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, na zikishaanza, asiyepanda alizeti na mtama kwa wakati atalia mwaka mzima. Mume wa mwenzetu alijua sanduku lina nini. Alimwambia, "Mama, tukope humo tununue mbegu. Tutarudisha baada ya mavuno, hakuna atakayejua." Alikataa siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alichoka.

Mvua ya mwaka ule ilikatika mapema. Mavuno hayakuja, fedha hazikurudi, na kuku hawakununuliwa. Tulipojua, tulimsema sana. Mwenzetu aliacha kuja kwenye umoja wa akina mama kwa muda wa mwaka mzima, na nyumbani kwake amani ilitoweka.

Kwa muda mrefu tulisema kwamba yeye ndiye aliyekosa. Leo tunasema kweli yote: alikosa, na sisi pia tulikosa. Tulimtwika mwanamke mmoja fedha za watu wengi, ndani ya nyumba yenye njaa, bila kumpa kinga yoyote. Tulimwingiza majaribuni, kisha tukamhukumu kwa kuanguka.

Mradi wa pili

Miaka ilipita kabla ya mtu yeyote kutuamini tena. Safari ya pili shida ilikuwa maji shuleni. Watoto wetu walikuwa wakienda shule na madaftari mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili. Wasichana wakubwa ndio walioumia zaidi, kwa sababu shule isiyo na maji haina choo kinachofaa kwa binti.

Tulipiga hesabu pamoja na mwalimu wa hisabati. Paa lenye ukubwa wa mita za mraba 100, likipata mvua ya milimita 600 kwa msimu, hupokea lita 60,000 za maji. Ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka, zinabaki lita 48,000. Hizo ni ndoo 2,400 za lita 20! Miaka yote maji hayo yalikuwa yakianguka mbele ya macho yetu na kwenda zake, nasi tukienda kuyatafuta mbali.

Kwa hiyo hatukuomba kisima kirefu, ambacho hatungeweza kukitunza. Tuliomba ruzuku ndogo ya saruji, nondo, gata na malipo ya fundi, ili tujenge tangi la kuvuna maji ya paa. Mawe, kokoto, mchanga, maji ya kujengea na nguvukazi vilikuwa juu yetu. Mawe hayajawahi kutupungukia Singida! Akina mama waligonga kokoto, vijana wakachimba msingi, wazee wakalinda saruji usiku kwa zamu.

Lakini kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kununuliwa, tulikubaliana kuhusu fedha. Zikae benki. Sahihi ziwe tatu, za watu wa nyumba tatu tofauti, na wawili kati yao wawe wanawake. Kila stakabadhi ibandikwe kwenye daftari, na daftari lisomwe kwa sauti mbele ya mkutano kila mwezi.

Msimu wa kupanda ukafika tena. Mume wa mwekahazina mpya naye akaja na ombi lile lile, maana shida ni zile zile. Mwenzetu alijibu kwa upole: "Baba, fedha hazipo hapa. Zipo benki, na sahihi yangu peke yake haitoi hata shilingi." Mazungumzo yakaishia hapo. Hakuhitaji kugombana na mumewe, wala kuonekana mke mkaidi. Utaratibu ulimsemea.

Na je, mbegu? Alikuja kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho sanduku lake ni tofauti kabisa na fedha za mradi. Akakopa mbele ya wote, ikaandikwa, na akarudisha. Jambo lile lile lililovunja nyumba ya kwanza halikugusa nyumba ya pili.

Fedha hizi hutoka wapi?

Wasomaji wengi hutuuliza miradi kama hii hupata msaada wapi. Njia ni kadhaa, na ni vizuri mama azijue kwa majina.

Wengi wanaufahamu Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanza mwaka 2000. Katika awamu zake za mwanzo wananchi wenyewe waliibua mradi katika mkutano: darasa, zahanati, kisima, barabara. Walichagua kamati yao ya usimamizi, fedha zikaingia kwenye akaunti ya jamii, nao wakachangia kwa nguvu na vifaa. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2005, ilifika katika halmashauri zote, na huku kwetu pia. Tangu awamu ya tatu ilipozinduliwa mwaka 2012, mkazo mkubwa ulikuwa kunusuru kaya maskini, na mara nyingi aliyeandikwa kupokea fedha alikuwa mama.

Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Huu husaidia miradi ambayo wananchi wameianza wenyewe. Ndiyo maana yale maboma yaliyosimama bila paa hayapaswi kutukatisha tamaa, ila tusianze boma jipya kabla ya kumaliza la zamani.

Halafu kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria ya mwaka 2018 iliyatengea makundi matatu: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini angalia, dada: fedha hizi hazina riba, ila ni mkopo. Ruzuku hairudishwi, mkopo hurudishwa. Vikundi vingi vimeingia aibuni kwa kutotofautisha mambo hayo mawili. Uliza kabla ya kutia sahihi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yupo kwa ajili hiyo.

Haki yako mkutanoni

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, mwanamume kwa mwanamke. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na sheria inataka wanawake wasipungue robo. Basi usikae nyuma ukisubiri kuambiwa kilichoamuliwa. Mama anayebeba maji ndiye anayejua kisima kichimbwe wapi. Mama anayejifungua ndiye anayejua zahanati iko mbali kiasi gani.

Tena, kusomewa mapato na matumizi si hisani ya viongozi, ni haki yenu. Mwombe mwenyekiti kwa heshima, tena mbele ya watu. Kiongozi mwaminifu atafurahi, kwa sababu daftari lililosomwa humlinda yeye kwanza.

Tujifunze kwa Nehemia

Tunapokutana kwa maombi tunapenda kusoma kitabu cha Nehemia, maana hatujui hadithi nyingine inayofanana na yetu kiasi hicho. Mfalme alimpa Nehemia barua ili apewe miti ya kujengea. Hiyo ndiyo ruzuku. Lakini mfalme hakuja kujenga. Ukuta ulijengwa na wakazi, na baadhi yao walijenga kipande kilichoelekea nyumba zao. Katika sura ya tatu anatajwa Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Katikati ya ujenzi huo, sura ya tano, wake na waume walipaza kilio juu ya njaa na madeni. Nehemia hakuwaambia wanyamaze wajenge. Alisikiliza, akawakemea waliowanyonya ndugu zao. Nasi tujifunze hapo: mradi ukijengwa huku nyumba za wajenzi zinabomoka, hauna baraka.

Mtume Paulo naye, alipokuwa akipeleka mchango wa makanisa, hakutaka kuubeba peke yake. Alifuatana na ndugu wengine ili pasiwe na mtu wa kumlaumu. Ikiwa mtume alihitaji wenzake katika jambo la fedha, sisi ni nani hata tumwachie mama mmoja sanduku?

Kabla ya kuomba ruzuku

Kaeni ninyi kwa ninyi mjiulize:

1. Shida hii ni yetu kweli, au tumeitaja kwa sababu mfadhili anaipenda?
2. Tutachangia nini, na ni nani atakayefanya kazi? Ikiwa kazi yote inaangukia akina mama, isemwe mapema na igawanywe.
3. Fedha zitakaa wapi, na sahihi za nani?
4. Fedha za mradi na akiba ya kikundi zimetengwa?
5. Gata likipasuka au bomba likivunjika, nani atalipa? Anzeni kuchangia mfuko wa matengenezo siku ile ile mradi unapofunguliwa.
6. Je, waume zetu wanajua utaratibu huu tangu mwanzo? Mume aliyeelezwa mapema huwa mlinzi wa mradi.

Tangi letu lilijaa mvua za kwanza. Siku ya kulifungua, yule mwenzetu wa mradi wa kuku alikuja. Tulikuwa tumekwisha kwenda nyumbani kwake, tukakaa mkekani, tukamwomba radhi kwa sehemu yetu, naye akaomba radhi kwa yake. Leo ni mmoja wa wale watatu wanaotia sahihi. Alipendekezwa na mwekahazina, na mkutano ukakubali.

Mungu abariki kazi za mikono yako, dada, na akupe wenzi wa kubeba nao.