Virusi vya Ukimwi na Ubongo: Kwa Nini Mtu Husahau?

 

Huenda nyumbani kwako kuna mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi. Zamani alikuwa mwepesi wa kukumbuka kila jambo. Siku hizi anateleka maziwa jikoni na kuyasahau mpaka yaungue. Anaanza hadithi na kuiachia katikati. Miguu imekuwa mizito, hamu ya kazi imepungua. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa. Wewe mwenyewe pengine umemwambia ni mvivu. Kabla hujamlaumu tena, hebu sikiliza.

Ubongo hufanya kazi kwa kupeleka ujumbe kutoka chembe moja ya neva hadi nyingine. Lakini chembe hizi hazigusani. Katikati yao kuna nafasi ndogo sana, na ujumbe huivuka kwa kubebwa na kemikali. Fikiria kivuko cha Likoni kule Mombasa. Feri hubeba watu, hufika ng'ambo, nao hushuka mara moja ili wengine wapate nafasi. Wakikataa kushuka, au feri kumi zikija kwa pamoja, kivuko kizima kinakwama.

Kemikali hizi ni nyingi, lakini leo tutaje mbili. Ya kwanza ni glutameti. Hii ndiyo inayoamsha chembe, nayo hutusaidia kujifunza na kukumbuka. Ikishamaliza kazi yake, chembe saidizi zilizo karibu huifyonza upesi. Ya pili ni dopamini, inayotupa hamu ya kutenda jambo na wepesi wa kutembea.

Sasa, virusi vya Ukimwi vinaingiaje hapo? Huingia mapema, katika wiki za mwanzo za maambukizi, vikiwa vimejificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Wengi hudhani kwamba virusi hivi hushambulia chembe za neva moja kwa moja. Kwa kawaida sivyo. Vinakaa ndani ya chembe za ulinzi, yaani askari wa ubongo. Kutoka humo hutoka protini za virusi, na hizo ndizo zinazoleta fujo.

Protini moja huitwa gp120. Iko kwenye ngozi ya nje ya virusi, nayo ni kama ufunguo wa kufungulia chembe za mwili. Nyingine huitwa Tat. Kazi yake ni kuharakisha utengenezaji wa virusi vipya, lakini pia huvuja nje ya chembe na kuzigusa chembe za jirani.

Protini hizi mbili huwachokoza askari wa ubongo, nao humwaga glutameti ovyo. Wakati huohuo huzidhoofisha zile chembe saidizi, zishindwe kuifyonza. Glutameti inarundikana. Chembe ya neva inaamshwa bila kupumzika, na madini ya kalsiamu yanaifurika kupita kiasi. Matawi yake yanasinyaa, na mwishowe inaweza kufa.

Tat pia huziba milango inayoirudisha dopamini ndani ya chembe baada ya kutumika. Mpango wa dopamini ukivurugika kwa muda mrefu, mtu huwa mzito, huchelewa kujibu, na hukosa hamu. Basi unaona, msikilizaji: huo si uvivu wala si uchawi.

Habari njema ni kwamba dawa za ARV huzuia virusi kuzaana, hata kwenye ubongo. Tangu mwaka wa 2016, mwongozo wa Kenya unasema kila anayepatikana na virusi aanzishiwe dawa, bila kungoja kinga ya mwili ishuke. Kwa mgonjwa anayetumia dawa vizuri, ule ugonjwa mkali wa kupoteza akili umekuwa nadra. Kusahau kwa kiasi kidogo bado kupo. Sababu mojawapo ni kwamba dawa haziondoi virusi vilivyolala ndani ya chembe. Chembe hizo zinaweza kuendelea kutoa Tat kidogo kidogo, hata kama kipimo cha damu hakionyeshi virusi.

Hapa ndipo penye hatari, msikilizaji. Mtu akisahau, atasahau pia dawa. Akisahau dawa, virusi vinaongezeka, na protini zile zinaongezeka. Kisha anasahau zaidi. Mduara huu unakatwa na watu wa nyumbani.

Msaidie ameze dawa saa ileile kila siku, kwa mfano wakati wa taarifa ya habari ya jioni. Tegesha kengele ya simu. Mnunulie kisanduku chenye vyumba vya siku saba, ili muone siku aliyoruka. Fuatana naye kliniki, ukamweleze daktari mabadiliko uliyoyaona, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiyatambue. Kusahau kunaweza pia kuletwa na pombe, huzuni kubwa au ugonjwa mwingine, na mengi ya hayo yanatibika. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Na akishikwa na kichwa kikali, homa, shingo kukakamaa, kifafa au kuchanganyikiwa ghafla, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika kikundi:
1. Je, kuna mtu tuliyemwita mvivu ilhali ni mgonjwa?
2. Nani atamkumbusha dawa ikiwa msaidizi wake amesafiri?
3. Ni lini mara ya mwisho alipimwa wingi wa virusi katika damu?

Hadi wakati mwingine, msikilizaji, nakutakia afya njema. Kwaheri.