Nani Anakula Mihogo Usiku?

Asubuhi unakuta shina la muhogo limelala, udongo umefukuliwa, mzizi umegugunwa hadi nusu. Lawama zote zinamwendea nguruwe pori. Inama kwanza uutazame ule mzizi. Ukiona mikwaruzo ya meno mawili mapana kama ya patasi, huyo ni nungunungu. Na mwiba mweusi kwa mweupe ukiwa umedondoka kando ya shimo, kesi imekwisha. Lakini kuna siku mvua hufuta kila alama. Hapo ndipo inapofaa kamera ya kutega.

Kamera hii hujipiga yenyewe. Ina kihisi cha joto: mwili wenye joto ukipita mbele ya majani yaliyopoa, kamera inaamka na kupiga. Usiku humulika kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho yetu, ndiyo maana picha zake huwa nyeusi na nyeupe. Kihisi humnasa upesi mnyama anayekatiza, na huchelewa kumnasa anayeijia kamera moja kwa moja. Kwa hiyo ifunge kwa urefu wa goti, mita tatu au nne kutoka njia yake, ikiitazama njia kwa mshazari. Fyeka majani yaliyo mbele. Jani moja la mgomba lililopata jua, likitikiswa na upepo, litakujazia memori kadi picha tupu. Na kwa kuwa Boga yetu, mashariki mwa Kongo, iko karibu na ikweta, ielekeze kaskazini au kusini, jua lisiingie machoni mwake asubuhi na jioni.

Mahali pa kutegea ninapopapenda kuliko pote ni choo cha fungo. Mnyama huyu hurudi kujisaidia palepale, mpaka panakuwa na rundo la mbegu za matunda, vipande vya wadudu na pete za majongoo. Tega hapo uwe na subira. Atakuja na kile kitambaa cheusi cha machoni, atanusa, atageuka. Watu humuua kwa ajili ya kuku, na kweli kuku humchukua mara mojamoja. Lakini panya wa shambani nao ni chakula chake, na hilo hakuna anayemhesabia.

Kamera za namna hii zimefanya makubwa katika Bonde la Semliki, kusini kwetu. Okapi, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1901 kutokana na ngozi zilizopatikana katika misitu ya Semliki, alikuwa hajathibitishwa ndani ya Hifadhi ya Virunga tangu 1959. Mwaka 2006 alama zake zilionekana, na mwaka 2008 kamera zilizotegwa na ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira, pamoja na Zoological Society of London zikamtoa hadharani, akiwa hai. Alikuwa humo muda wote huo.

Jambo moja la lazima. Baada ya watu wenye silaha kuua raia hapa Boga Mei 2021, kifaa kilichofichwa vichakani kinaweza kumletea mtu hatari. Mwarifu chifu na majirani kabla hujakifunga, kitege ndani ya shamba lako tu, na usiende kukikagua usiku.

Kisha, ndugu mkulima, kabla hujaweka waya wala sumu, ipe kamera siku kumi. Umwone kwanza mwizi wako.