Tenisi ya Wawili Haipimwi kwa Majina

Kijana aliyenisimamisha wiki iliyopita nikitoka uwanjani alikuwa wa kumi na ngapi sijui. Swali ni lile lile: "Kocha, ilikuwaje Nadal na Alcaraz wakafungwa Paris na watu wasiojulikana?" Nimechoka kulijibu getini huku nimebeba kapu la mipira. Nalijibu hapa, na safari hii nalijibu mpaka mwisho.

Kwanza, hao "wasiojulikana" wanajulikana sana. Tarehe 31 Julai 2024, katika robo fainali ya Olimpiki kwenye uwanja mkuu wa Roland Garros, Austin Krajicek na Rajeev Ram wa Marekani waliwafunga Wahispania 6-2, 6-4. Ram alikuwa na miaka 40. Alikuwa ameshinda US Open mara tatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, akiwa na Mwingereza Joe Salisbury. Krajicek alikuwa bingwa wa French Open ya 2023 pamoja na Ivan Dodig wa Croatia. Wote wawili walishawahi kuwa namba 1 duniani katika mchezo wa wawili wawili. Ng'ambo ya wavu walikuwa Nadal, bingwa mara 14 wa viwanja hivyo hivyo, na Alcaraz, ambaye ndani ya wiki nane alikuwa ametwaa French Open na Wimbledon. Mataji hayo ya Wahispania yote ni ya mmoja mmoja.

Sasa tazama nani alichukua dhahabu. Ni Waaustralia Matthew Ebden na John Peers. Tarehe 27 Julai, Ebden alipangwa mmoja mmoja dhidi ya Djokovic akachapwa 6-0, 6-1. Tarehe 3 Agosti, siku saba baadaye, alisimama jukwaani kama bingwa wa Olimpiki wa wawili wawili, baada ya kuwashinda hao hao Krajicek na Ram kwa 6-7, 7-6, 10-8. Mtu yule yule, raketi zile zile, udongo ule ule mwekundu. Kama mchezo ungekuwa mmoja, jambo hilo lisingewezekana.

Lakini watu hawataki kuamini kwamba ni michezo miwili, na kutoamini huko kuna watu kunawanenepesha. Nawasema wauza mikeka ya kubashiri. Wana kanuni yao: chukua nafasi ya kila mchezaji katika orodha ya ubora ya mmoja mmoja, jumlisha, jozi yenye jumla ndogo ndiyo "ya uhakika". Nimeonyeshwa hesabu hiyo kwenye simu zaidi ya mara moja, na kila aliyenionyesha alikuwa ameilipia. Nasema wazi: kanuni hiyo ni uongo, na anayeiuza ama hajui tenisi ama anajua na anakuibia.

Ipime kwa Bob na Mike Bryan. Ndugu hawa pacha wa Marekani walitwaa pamoja mataji 119, kati yake 16 ya mashindano makubwa manne, na dhahabu ya Olimpiki ya London 2012. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia katika 100 bora ya mmoja mmoja. Kwa hesabu ya mkeka, jozi iliyoshinda kuliko zote katika historia ilipaswa kutolewa mapema wiki baada ya wiki, kwa zaidi ya miaka ishirini. Karibu na nyumbani tunaye Paul Wekesa wa Kenya: mataji matatu aliyoyapata katika mashindano ya ngazi ya juu ya kulipwa ni ya wawili wawili.

Sababu iko kwenye vipimo vya uwanja. Mmoja mmoja, uwanja una upana wa mita 8.23. Wakiingia wawili kila upande, mistari ya pembeni inafunguliwa na upana unafika mita 10.97. Upana umeongezeka kwa theluthi, watu wameongezeka maradufu. Kila mmoja sasa analinda chini ya mita tano na nusu. Ule mwanya ambao Alcaraz huutafuta kwa mipigo sita, saba kutoka nyuma, akimkimbiza mpinzani kushoto na kulia, haupo. Amesimama mtu hapo.

Na huyo anayesimama wavuni ndiye anayegeuza mambo yote. Katika mmoja mmoja, anayepokea anaweza kurudi mita kadhaa nyuma ya mstari, kama alivyozoea Nadal, akaurudisha mpira juu, mzito, unaozunguka kwa nguvu, ili apate muda wa kujipanga. Ni pigo zuri, nami nawafundisha vijana wangu pigo hilo. Lipeleke kwenye wawili wawili: mpira unapaa mpaka usawa wa bega la mtu aliye hatua mbili kutoka wavuni, naye anaushindilia miguuni mwa mwenzako. Pointi imekwisha. Pale anayepokea anatakiwa kuupitisha mpira chini, kwa mshazari, karibu uguse wavu, tena mapema, akijua kwamba aliye wavuni anaweza kuvuka wakati wowote. Aliye wavuni naye kabla ya hapo amemwonyesha mwenzake vidole mgongoni: uanzishe upande gani, nami navuka au nabaki. Jozi mpya inakosea ishara hizo, na kila kosa ni pointi. Haya hujengwa kwa miaka, na nyota wa mmoja mmoja hana miaka hiyo ya kuyatolea.

Wazee watanikumbusha John McEnroe, aliyekuwa namba 1 kotekote. Ni kweli. Ila McEnroe alikuwa akianzisha mpira na kukimbilia wavuni hata alipocheza peke yake. Mchezo wake wa mmoja ulikuwa jirani wa mchezo wa wawili. Leo mmoja mmoja unachezwa kutoka nyuma, na ujirani huo umevunjika. Mtaniambia pia Federer na Wawrinka walichukua dhahabu Beijing 2008, tena kwa kuwatoa pacha wa Bryan katika nusu fainali. Sikatai, mashindano mafupi huruhusu hilo. Nadal naye alishinda Rio 2016, lakini mwenzake alikuwa Marc López, fundi wa wawili wawili aliyekuwa ametwaa French Open mwaka huo huo. Hilo la López huwa halitajwi.

Nawaomba pia muache kuniuliza seti ya tatu ya fainali ile ya Paris imeishaje 10-8. Tangu 2006, katika mashindano ya ATP, yaani ya kulipwa ya wanaume, jozi zikigawana seti haichezwi ya tatu. Inachezwa taibreki moja ya pointi 10, kwa tofauti ya mbili, na ndivyo ilivyokuwa Paris. Gemu ikifika 40-40 inapigwa pointi moja tu, na wanaopokea ndio wanaochagua nani kati yao apokee. Mashindano makubwa manne yanacheza seti ya tatu kamili, na Wimbledon ilishuka kutoka seti tano hadi tatu mwaka 2023. Mechi fupi inaamuliwa na mipira miwili, mitatu. Fainali ya Wimbledon ya 2024 Harri Heliövaara wa Finland na Henry Patten wa Uingereza waliishinda 6-7, 7-6, 7-6, taibreki ya mwisho 11-9, wakiwa wameponea pointi za ubingwa za wapinzani wao. Heliövaara alishawahi kuacha tenisi akafanya kazi uwanja wa ndege. Patten alishawahi kuajiriwa hapo hapo Wimbledon kuandika takwimu za mechi za wengine. Hakuna aliyewauza hao kama wa uhakika.

Basi unayetaka kusoma matokeo haya, fanya hivi. Tazama orodha ya ubora ya wawili wawili. Ile nyingine iache. Angalia jozi imekaa pamoja muda gani: Marcel Granollers na Horacio Zeballos walipoteza fainali tatu kubwa kabla ya kuchukua French Open na US Open mwaka 2025. Angalia kama nyota bado yumo katika mmoja mmoja, maana akisonga mbele huko anaweza kujitoa huku. Usihukumu jozi kwa mechi moja, soma msimu. Na kama unacheza mwenyewe Jumamosi: mpira wa kwanza uingie, rudisha chini kwa mshazari, songeni wavuni wote wawili, zungumzeni kati ya pointi.

Kuhusu mkeka sina cha kukupa. Fedha hiyo nunulia mipira. Na ukinikuta getini, niulize kuhusu Granollers na Zeballos. Hao nitasimama niwaeleze hata jua likizama.